Merikani: mkataba wa 1833 na kitambaa kilichoutangulia

Ingia duka la vitambaa Darajani, Unguja, uulize merikani. Muuzaji atakutolea jora la pamba ya rangi ya maziwa yaliyolala, nzito kidogo, isiyo na ua wala nakshi. Fundi huitia ndani ya koti, mama huishonea foronya, mpishi huichujia tui. Hakuna anayefikiria Marekani hapo. Kitambaa kimesahau kwao, na kwao kumekisahau.

Hata hivyo jina hilo ni ushahidi mzuri kuliko hati nyingi zilizofungiwa makabatini. Linatoka katika kipindi kifupi cha karne ya 19 ambapo mji mdogo wa Salem, Massachusetts, uliishika biashara ya meli za kigeni Zanzibar kuliko London, Marseille au Lisbon. Kipindi hicho kina hati yake rasmi pia: mkataba wa urafiki na biashara uliotiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833 kati ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, na serikali ya Rais Andrew Jackson wa Marekani. Masimulizi mengi huanza na mkataba huo, kisha hushuka kwenye biashara, kana kwamba karatasi ndiyo iliyofungua bandari. Ukizipanga tarehe, hadithi hiyo inageuka kichwa chini. Kitambaa kilifika kwanza. Karatasi ilikuja nyuma ikihema, na siku kitambaa kilipokosekana, karatasi haikuweza kulizuia soko lisiondoke.

Mgeni aliyechoka kungoja

Edmund Roberts hakusomea ubalozi. Alikuwa mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, aliyezaliwa 1784 na aliyekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mali yake kabla hajaiona Unguja. Alifika katika msimu wa 1827 kuingia 1828, akajikuta anangoja. Shehena haikununuliwa kwa mwendo alioutaka, watu wa bandari walidai hiki na kile, na aliwaona Waingereza wanapokewa vizuri kuliko yeye. Mfanyabiashara akikaa bandarini wiki baada ya wiki huku mabaharia wanakula akiba yake, hasira hupata nafasi ya kuandika barua.

Sayyid Said alikuwa Unguja wakati huo, katikati ya vita vyake na Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa. Wawili hao wakaonana. Mgeni alitaka ushuru unaojulikana na usiobadilika njiani. Mwenyeji alitaka zana za vita, na pia taifa jingine la nje ambalo lingempunguzia uzito wa Waingereza. Sayyid akamwambia kwamba yeye yu tayari kwa mkataba.

Kilichofuata kinaeleza siasa za Washington za zama zile kuliko kinavyoeleza Zanzibar. Roberts hakuwa na cheo, ila alikuwa na mtu. Mtu huyo alikuwa Levi Woodbury, seneta wa jimbo lake la New Hampshire, ambaye mwaka 1831 aliteuliwa na Jackson kuwa waziri wa jeshi la majini. Mwaka 1832 Roberts akafanywa wakala maalumu wa serikali na kupandishwa manowari USS Peacock. Ili mataifa mengine yasinuse shabaha ya safari, katika orodha ya meli aliandikwa karani wa nahodha. Ndivyo taifa lililokuwa na umri wa miaka 56 hivi tu lilivyotuma ujumbe wake mkubwa wa kwanza kwa wafalme wa Asia: mfanyabiashara mwenye deni la moyoni, amejificha nyuma ya kalamu ya karani.

Vietnam hakupata kitu. Mambo yalikwama kwenye adabu za barua na vyeo, akaondoka mikono mitupu. Siam (Thailand ya leo) alipata mkataba Machi 1833. Maskati alifika Septemba, na ndani ya siku chache kazi ilikwisha.

Wepesi huo una sababu. Masharti yalikuwa mafupi. Meli ya Marekani ingelipa asilimia 5 ya thamani ya bidhaa iliyoshushwa, basi. Mmarekani angeruhusiwa kuingia bandari zote za Sayyid, kununua na kuuza na yeyote. Serikali ya Marekani ingeweza kuweka konseli, yaani mwakilishi wake bandarini, na konseli huyo ndiye angeamua kesi za Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Bunduki, baruti na risasi zilikuwa na sharti lake: Unguja zisiuzwe kwa mtu ila serikali, lakini katika bandari nyingine ziuzwe bila kizuizi. Ukikumbuka kwamba Mazrui walikuwa bado wanashikilia Mombasa, na hawakuvunjwa mpaka 1837, utaona kwamba Sayyid alikuwa anaangalia zaidi mlango wa nyumba yake kuliko bahari yote.

Kuna kifungu kimoja ninachokipenda. Roberts alikuja na rasimu iliyosema kwamba baharia wa Marekani akivunjikiwa na meli katika nchi za Sayyid, atunzwe, kisha serikali ya Marekani ilipe gharama. Sayyid alikataa hayo malipo. Ilikuwa aibu kwa Mwarabu kumtoza mgeni aliyetupwa na bahari mlangoni pake. Kifungu kikaandikwa upya, gharama zikawa juu ya Sayyid. Nao mtihani ulikuja upesi kuliko walivyodhani. Septemba 1835, Roberts akirudi na mkataba ulioidhinishwa, Peacock ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah, ikabidi mizinga itupwe majini ili meli inyanyuke. Sayyid alipeleka msaada, na mizinga iliyoopolewa akairudisha bila kudai hata reale moja. Hati zilibadilishwana Maskati tarehe 30 Septemba 1835. Roberts hakuonja matunda yake, kwani alifariki Macau mwaka uliofuata.

Meli 32 kati ya 41

Sasa tuziangalie tarehe. Seneti ya Marekani iliuidhinisha mkataba Juni 1834. Katika miezi iliyotangulia, kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, meli za kigeni zilizohesabiwa kufika Zanzibar zilikuwa 41. Za Marekani zilikuwa 32, na 20 kati ya hizo zilitoka Salem pekee. Mkataba ulikuwa haujaanza kazi, na soko lilikuwa limekwisha kuchukuliwa.

Wenyewe wa Salem walilijua hilo, na ndiyo maana mkataba haukuwafurahisha kama mtu angetazamia. Biashara yao ilikuwa ya siri na subira. Walikuwa wamejifunza msimu wa pepo, wamejua nani wa kumkopesha na nani wa kumkwepa. Mkataba wa serikali ni tangazo: huwaambia New York, Boston na Hamburg kwamba kule kuna kitu. Isitoshe ulikuwa umeletwa na mtu wa Portsmouth. Waingereza nao walishtuka. Mapema 1834 manowari yao Imogene, chini ya Kapteni Hart, ilifika Unguja kupeleleza Sayyid amewapa nini Wamarekani, na mwaka 1839 Uingereza ikapata mkataba wake wenye asilimia 5 ileile. Ufaransa ilifuata 1844. Nafuu ya karatasi, kama ilikuwapo, haikudumu hata miaka 6.

Kama si karatasi, basi ni nini?

Mikono minane ya kitambaa

Ni pamba ya kawaida, isiyong'arishwa, iliyofumwa kwa nyuzi nene. Hakuna siri nyingine. Kabla yake watu wa pwani na bara walivaa nguo za Kutch na Gujarat, na kaniki ya Kihindi iliendelea kuwapo sikuzote. Merikani iliingia chini ya hizo kwa bei, na juu yake kwa uimara. Viwanda vya Kiingereza vilikuwa na mazoea ya kuipa nguo uzito kwa wanga. Ikifuliwa mara mbili, wanga unatoka, na mwenye nguo anabaki na chandarua. Merikani ilifuliwa ikabaki nguo. Manchester ilijaribu kuiga hata mihuri ya viwanda vya Massachusetts, lakini mnunuzi wa Tabora hakuwa anasoma mhuri. Alikuwa anaisugua nguo kati ya vidole.

Hapa ndipo wachambuzi wengi hupita haraka mno. Tumezoea kudhani kwamba mwenye meli na kiwanda ndiye mwenye nguvu, na mtu wa bara anapokea alicholetewa. Barua za wafanyabiashara wa Salem zinaonyesha watu wenye wasiwasi. Upana ukipungua kidogo, nguo inalala bohari. Jora likija jepesi, Mhindi wa Unguja hakopi, kwa sababu anajua msafara hautaichukua, na msafara hauichukui kwa sababu unajua Mnyamwezi na Mgogo wataikataa. Ushanga ulikuwa mbaya zaidi, rangi iliyopendwa huku ilichekwa kule. Merikani angalau ilikubalika karibu kila njia. Ndiyo ikawa fedha. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, mkono ukipimwa toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kwa doti mtu alilipa hongo ya kupita njia, alinunua mtama, aliajiri mpagazi. (Mwenye mkono mrefu akipima kwa ajili ya kupokea, na mwenye mfupi kwa ajili ya kutoa, ugomvi upo palepale.)

Kwa hiyo Salem ilikuwa inatengeneza sarafu ya nchi ambayo watu wake wengi hawakuwahi kuiona. Mji wenyewe hauna maporomoko ya mto ya kuendesha mashine kama mji wa viwanda wa Lowell. Wafanyabiashara wake wakaanzisha Naumkeag mwaka 1839, kiwanda cha kufuma kwa nguvu ya mvuke kilichoanza kazi 1847, na majora yake yakawa miongoni mwa yale yaliyokwenda Unguja.

Kilichorudi kilikuwa sandarusi (utomvu wa miti ulioganda), pembe za ndovu, ngozi na karafuu. Sandarusi ilichimbwa ardhini Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, ikiwa na udongo na ganda lake, ikapelekwa Salem hivyohivyo, ikalowekwa katika maji ya magadi katika kiwanda cha Jonathan Whipple mpaka ganda likatoka na uso wake ukaonekana na vipele kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Kutokana nayo ilipikwa vanishi ya makochi na magari ya farasi ya Marekani. Pembe zilikwenda Connecticut, kwenye vijiji vya Deep River na Ivoryton, hicho cha pili kikiitwa hivyo kwa sababu ya pembe zenyewe. Huko zilikatwa vipande vyembamba, zikapangwa katika nyumba za vioo ili jua lizing'arishe, zikawa vichanio na vibao vya piano. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kuwa laini, haipasuki. Msichana wa Philadelphia akijifunza wimbo wa kanisani miaka ya 1850, huenda vidole vyake vilikuwa juu ya pembe iliyobebwa begani kutoka Unyamwezi na kulipiwa kwa doti.

Mcha Mungu na mkodi wa forodha

Konseli wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja Machi 1837. Alitoka Salem, na hilo halikuwa sadfa. Kama serikali imekwisha kuifanya biashara kuwa ya hadharani, basi ofisi yake ishikwe na mtu wa nyumbani. Konseli hakulipwa mshahara. Alitazamiwa kuishi kwa biashara yake mwenyewe, maana yake aliyekuwa mwamuzi wa Wamarekani wote bandarini alikuwa pia mshindani wao.

Upande wa pili alikuwapo Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kutch aliyekodi forodha kutoka kwa Sayyid. Alimlipa mtawala kiasi maalumu kwa mwaka, kisha chochote kilichokusanywa kilikuwa chake. Ushuru wa asilimia 5 uliowekwa na mkataba uliingia mfukoni mwake. Wapagazi wa bandarini walikuwa chini yake, mashua za kushushia mizigo chini yake, na wakopeshaji wa misafara walikuwa watu wake au wadeni wake. Waters na Jairam wakaelewana. Bidhaa za Salem zilipitia kwa Jairam, na Jairam akahakikisha kwamba meli za Salem zinapata shehena ya kurudi kabla ya wengine. Wamarekani wa New York waliokuja na mkataba huohuo mkononi, wenye haki zilezile neno kwa neno, walikuta wapagazi hawapatikani na sandarusi "imekwisha". Wakalalamika kwa serikali yao dhidi ya konseli wa serikali yao.

Kifungu cha kununua na kuuza na yeyote kilikuwa hai kwenye karatasi, na kimekufa ufukweni. Na hakikuuawa na Sayyid. Kiliuawa na mtu aliyetumwa kukilinda.

Waters alikuwa mcha Mungu wa kweli, sidhani kwamba alikuwa mnafiki wa makusudi. Katika shajara yake alisikitika kuwaona watumwa Unguja, na alitamani kuwa na manufaa ya kidini kwa watu aliowakuta. Lakini kila jora alilouza lilifumwa kwa pamba ya Georgia, Alabama au Mississippi, iliyochumwa na watumwa wa nchi yake. Lilipopanda bara, lilinunua pembe, na mara nyingine lilinunua watu ambao walishuka nao pwani na kupelekwa kwenye mashamba ya karafuu. Utumwa ulikuwa kwenye ncha zote mbili za uzi, na katikati yake alikaa mtu wa Massachusetts, jimbo lililojivunia kuuchukia, akiandika hesabu. Alirudi Salem miaka ya 1840 akiwa tajiri.

Sultana yaenda New York

Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Sayyid iliyoitwa Sultana ilitia nanga New York. Ilikuwa imebeba pembe, karafuu, sandarusi, ngozi, kahawa, tende na mazulia, na mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Watu walifurika gatini. Picha ya mafuta aliyochorwa wakati ule bado ipo: kilemba, ndevu, macho ya mtu anayepiga mahesabu huku anatazamwa.

Zawadi zake zilimletea taabu Rais Martin Van Buren. Kulikuwa na farasi wawili wa Kiarabu, lulu, upanga wa dhahabu, shali na manukato ya waridi. Katiba ya Marekani inamkataza mwenye wadhifa kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila idhini ya Kongresi, na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Sayyid alikuwa amempa mtu. Wamarekani walikuwa wanajadili kama mtu huyo ana haki ya kuwa na mikono. Mwishoni Kongresi iliamua vitu vipokewe kwa niaba ya taifa, na farasi wakapigwa mnada. Kwa upande wao, Wamarekani waliitengeneza Sultana bure katika karakana ya jeshi la majini Brooklyn, maana ilikuwa imefika hoi. Nahodha wake Mwingereza, William Sleeman, aliipenda chupa kuliko usukani, na safari ya kurudi ikapewa Sandwith Drinker wa Philadelphia. Waliondoka Agosti, wakafika Unguja Desemba.

Safari hiyo hupambwa sana, na ni haki yake, lakini swali la uchambuzi ni moja: kwa nini haikurudiwa? Mkataba haukumzuia Sayyid kupeleka bidhaa zake mwenyewe Amerika. Angeweza kumruka Waters, kumruka Jairam, na kuuza karafuu yake New York kwa bei ya New York. Nadhani jibu liko gatini Unguja. Meli ikirudi lazima iwe imebeba merikani, na mtandao wa kuikopesha merikani kutoka Forodhani hadi Tabora haukuwa wa Sayyid. Ulikuwa wa Jairam na wenzake, nao walikuwa wamekwisha kufungamana na Salem. Mtawala alikuwa na meli, bendera na mkataba. Hakuwa na daftari la mikopo.

Mizinga 21

Kisa cha 1850 nitakipitia kwa ufupi, kwa kuwa ni kidogo kuliko kelele zake. Konseli Charles Ward alikuwa akigombana na utawala kwa muda mrefu, sehemu kubwa kuhusu Mrima. Wamarekani walisema bandari zote ni zote, Sayyid alisema pembe na sandarusi za Mrima ni za raia wake. Siku ya uhuru wa Marekani, tarehe 4 Julai, Ward akataka bendera yake ipigiwe mizinga 21. Akakataliwa. Akaishusha bendera, akaondoka. Desemba 1851 manowari ya mvuke Susquehanna ilifika chini ya Komodori Aulick, ikatishia, ikapata radhi na mizinga yake. Sayyid mwenyewe hakuwapo, alikuwa Maskati.

Mrima haikufunguka. Salem ilipata moshi wa baruti, na siku iliyofuata wafanyabiashara wake wakarudi kwenye nyumba zilezile za Kihindi kuulizia sandarusi. Kifungu cha mkataba kilikuwa upande wao, manowari ilikuwa upande wao, na bado walinunua pale walipokuwa wakinunua.

Uzi unakatika

Aprili 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani. Kaskazini ilizifunga bandari za Kusini, na viwanda vya Massachusetts vikabaki bila pamba au na pamba ya bei isiyosemeka. Kabla ya vita ratili moja ilikuwa kama senti 10. Mwaka 1864 ilipita dola 1. Kitambaa kilichotawala soko la Unguja kwa urahisi wake kikawa anasa.

Mwaka huohuo 1861 sheria mpya ya ushuru ya Marekani iliibana sandarusi ghafi, kazi ya kuiosha ikahamia Unguja, na kiwanda cha Whipple kikapoteza kazi yake. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha kwamba si wageni walioipiga biashara hii. Pigo lilitoka Washington, kwa sababu za Washington, ambako nadhani hakuna aliyekuwa anaiwazia Zanzibar. Juu ya hayo, meli ya Kusini iitwayo Alabama ilikuwa ikiwinda meli za Kaskazini. Agosti 1863 iliikamata Sea Bride mbele ya macho ya watu wa Cape Town, meli iliyokuwa njiani kuja kufanya biashara pwani ya mashariki ya Afrika. Bima ilipanda. Baadhi ya wenye meli wakazificha chini ya bendera za wengine.

Unguja haikungoja. Msafara hauwezi kuambiwa usubiri Lincoln amalize vita. Wahindi wakaagiza nguo za Kiingereza na za Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha kufuma kwa mvuke kilikuwa kimeanzishwa 1854. Nyumba za Hamburg, ambazo serikali zao zilikuwa na mkataba tangu 1859, zikapanua bohari. Wamarekani waliotaka pembe walilazimika kuleta fedha taslimu, wao ambao nguo yao ndiyo iliyokuwa fedha.

Mkataba wa 1833 ulikuwa unafanya kazi kikamilifu miaka yote hiyo. Asilimia 5 ilikuwa ileile. Konseli alikuwapo. Hakuna kifungu kilichovunjwa.

Baada ya 1865 walirudi, na hilo lisisahaulike. Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, merikani ilikuwa bado mzigo wa kwanza wa kufikiriwa, na miaka ya 1870 majora ya Massachusetts yaliuzwa tena kwa wingi. Lakini mnunuzi alikuwa amekwisha kujifunza kwamba kuna nyingine. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869, na kuanzia 1872 meli za mvuke za Kiingereza zilileta barua na mizigo kwa ratiba. Bombay ikawa jirani, Salem ikawa mbali kuliko ilivyokuwa wakati wa matanga. Mwaka 1870 jahazi kubwa Glide liliingia Salem kutoka Zanzibar, na baada yake hakuna jingine lililofuata njia hiyo hadi bandari ile. Biashara ya Marekani iliyosalia ilihamia Boston na New York, nayo ilikuwa ya pembe zaidi kuliko ya nguo.

Bombay ilipolichukua soko la nguo haikulibadilisha jina. Hakukuwa na sababu. Mteja aliomba merikani, akapewa merikani, ikatoka Bombay. Baadaye, kati ya vita viwili vya dunia, ikatoka Japani, bado merikani. Waliokuwa watumwa na kuivaa kama sare ya unyonge waliiacha walipopata uwezo, wakahamia kanga zenye rangi na maneno, nayo ikashuka hadi kazi za ndani: bitana, foronya, kichujio.

Na ile karatasi? Upande wa Zanzibar ilipitwa na mkataba mwingine mwaka 1886. Upande wa Maskati ilikaa. Vifungu alivyoviandika karani wa uongo wa USS Peacock, na kile kimoja alichokirekebisha Sayyid kwa ajili ya mabaharia waliovunjikiwa na meli, viliendelea kuwa sheria kati ya nchi mbili mpaka mkataba mpya ulipotiwa saini Salalah, Desemba 1958, miaka 88 baada ya Glide kushusha matanga.